Miisho Aliyoikosa Opareta

Siku ile tulikuwa sita ndani ya nyumba yangu, mtaa wa Free Area, Nakuru. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mdogo wangu Wekesa, fundi wa pikipiki, na grisi yake kwenye kucha ingawa ilikuwa Jumapili. Alikuwepo kitinda mimba wetu Nafula, aliyekuja kutoka chuo cha ualimu na flash ya filamu mkononi. Mama Chebet wa mlango wa pili alikuja na kibuyu cha maziwa lala. Kamau kinyozi aliingia kuchaji simu kwa sababu stima ilikuwa imepotea upande wake wa barabara, akaona kuna filamu, akakaa. Na alikuwepo Opareta. Ninawataja wote kwa sababu kesho yake kila mmoja aliulizwa filamu iliisha vipi, na kati yetu watano tuliokuwa macho, mmoja alijibu uongo. Aliyejibu uongo ni mimi.

Jina la Opareta ninalijua. Niliwahi kulisoma kwenye kadi yake ya hospitali nilipompeleka kupimwa macho, na nikashtuka kama mtu aliyefungua barua ya mwenzake. Mtaani hakuna aliyelitumia. Alikuwa Opareta kwa watoto, kwa mwenye nyumba, kwa mama wa mboga, hata kwa mchungaji. Alikuwa ameendesha mashine ya sinema pale mjini miaka mingi, mpaka sinema ikafungwa na jengo likawa kanisa. Yeye hakuhama. Alijiunga na kanisa hilo hilo, na kila Jumapili aliketi kiti cha nyuma kabisa, chini ya lile tundu la ukutani ambalo mwanga wa mashine ulikuwa ukipitia, ambalo sasa limezibwa kwa ubao.

"Si ati nimeokoka sana," aliniambia. "Lakini kiti ni changu."

Alikuwa na malalamiko ya kudumu kuhusu kanisa hilo. Alisema mchungaji husimama kushoto mno, watu wa upande wa kulia wanaona sikio tu. Siku moja waumini walialikwa kutoa ushuhuda, akasimama. Akasema kwamba pale alipoketi dada mmoja wa kwaya, hapo hapo, mlevi mmoja wa reli aliwahi kulia kwa sauti kwa sababu farasi kwenye filamu alikuwa amevunjika mguu, na mlevi huyo hakuwahi kuonekana akimlilia mtu yeyote. Akaketi. Watu hawakujua kama waseme amina. Mwishowe wakasema.

Nilipomuuliza ushuhuda huo ulikuwa wa nini, alisema, "Waliuliza kama nimeona muujiza hapa ndani."

Sasa niseme jambo ambalo lilimfanya awe vile alivyokuwa. Katika miaka yote aliyoendesha mashine, Opareta hakuona mwisho wa filamu. Hii si hadithi, ndivyo kazi ilivyokuwa. Filamu ilikuja kwa mikanda kadhaa ndani ya mikebe ya bati, na mikebe hiyo ilikuwa ikisubiriwa mji mwingine. Mkanda wa mwisho ukiwa kwenye mashine, yeye alikuwa ameligeuzia tundu mgongo, anarudisha nyuma kwa mkono mikanda iliyotangulia, anaipanga kwenye mikebe, anafunga kamba, ili filamu ikiisha tu mzigo uondoke. Mwanzo aliuona mara nyingi kuliko mtu yeyote Nakuru. Sehemu ya katikati aliijua. Mwisho aliusikia tu nyuma ya shingo yake, muziki ukipanda na watu wakipiga makofi.

Kwa hiyo alikuwa akishuka ngazi, anasimama mlangoni, anawauliza waliokuwa wakitoka: "Imeishaje?" Na hapo ndipo aligundua kitu ambacho hakikuwahi kumtoka tena. Kila mtu alimwambia mwisho wake. Mwenye mke mkali alisema jambazi alisamehewa. Mwalimu alisema jambazi alifungwa. Kijana alisema hakuona jambazi, yule msichana alikuwa amevaa gauni jekundu.

Alipozeeka akapata televisheni ndogo, na angeweza sasa kuona mwisho wowote autakao. Hakuuona. Mwili ulikuwa umeshazoea. Filamu ikikaribia kumalizika, kichwa kinashuka, kidevu kinagusa kifua, analala. Nimemwona akilala katikati ya mabomu. Muziki ukiisha anaamka, anapangusa mdomo, anasema, "Msiniambie leo."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na sijaikuta kwa mtu mwingine. Ukiona filamu pamoja naye, huruhusiwi kusema neno siku hiyo. Si "nzuri", si "mbaya", si "umeona vile alianguka?" Unakunywa chai, unaongea habari za mvua, unaenda. Kesho yake unapita mlangoni kwake, peke yako, unampa vitu viwili. Cha kwanza ni mwisho: imeishaje. Cha pili ni maoni yako. Usipopita, unadaiwa. Alikuwa akimkumbusha mtu barabarani mbele ya wateja: "Boss, unadaiwa maoni tangu wiki jana!" Na watu walikuwa wakipita. Mwenye kuuza makaa alipita. Mama Chebet alipita na maziwa.

"Kwa nini maoni yalale?" nilimuuliza siku za mwanzo.

"Maoni ya siku hiyo hiyo ni ya muziki," alisema. "Muziki ukitoka masikioni ndio utajua kama uliona kitu."

Na ukimwambia "ilikuwa nzuri" alikataa. Alitikisa kidole. "Hiyo si maoni, hiyo ni salamu. Nimekusalimia pia. Sasa sema."

Mimi nilianza kudaiwa nikiwa na miaka kumi na saba. Baba alikuwa ametangulia zamani. Mama alifuata nikiwa kidato cha pili. Baada ya mazishi, wajomba na baba wadogo waliketi sebuleni wakipanga: Wekesa aende Bungoma, Nafula apelekwe kwa shangazi Kitale, mimi nitafutiwe kazi ya nyumba. Niliwaambia hakuna anayeenda popote. Walicheka kidogo, wakachoka, wakarudi kwao. Nikaacha shule, nikaanza kuuza viazi. Wiki hiyo hiyo Opareta alibisha mlango, akasema, "Njooni muone sinema." Tukaenda watatu, tukaketi kwenye mkeka wake. Kesho yake nikipita na ndoo ya viazi akaniuliza imeishaje, na maoni yangu ni yapi.

Nilisimama na ile ndoo. Wiki tatu nzima watu walikuwa wameniuliza cheti cha kifo kiko wapi, kitambulisho cha mama kiko wapi, chakula cha wageni kiko wapi. Hakuna aliyekuwa ameniuliza ninaonaje.

"Sijui," nikasema.

"Sawa. Sijui ni maoni ya leo. Ya kesho utaniletea."

Nimempelekea tangu hapo, zaidi ya miaka kumi. Sijui niliyasoma wapi mambo ninayoyajua, lakini mengi niliyafikiria nikitembea kutoka mlangoni kwangu hadi mlangoni kwake.

Mwaka uliopita tuliona filamu nyingi kuliko kawaida, kwa sababu macho yake yalianza kufifia na alikuwa na haraka. Nitataja chache, kwa maana mtu huyu huwezi kumchora bila filamu.

Kulikuwa na moja ya mtu aliyebaki peke yake kwenye chombo angani, akiongea na mashine. Wekesa aliipenda. Mimi nilimwambia Opareta kwamba mtu yule hakuwa peke yake hata kidogo, kwa sababu kila alipokosea kuna mtu duniani alikuwa akimwambia amekosea. Aliyebaki peke yake ni yule asiye na wa kumkosoa. Opareta alikaa na hilo muda mrefu, kisha akaniuliza kama viazi vimepanda bei.

Kulikuwa na moja ya Kihindi, ndefu sana, ambapo ndugu wawili walipotezana utotoni wakaja kutambuana kwa alama ya begani. Mama Chebet alilia mpaka akasahau chungu jikoni. Maoni yangu yalikuwa kwamba sikumwamini yule mama yao, aliyepoteza watoto wawili na nywele zake ziko sawa. Opareta alisema hayo ni maoni ya wivu, niende niyalaze tena. Nikayalaza. Kesho yake nilirudi na kusema ni kweli, ulikuwa wivu. Nilitaka na sisi tuwe na alama ya begani, ili kama wale wajomba wangetutawanya, tungejua pa kuanzia. "Sasa hayo ni maoni," akasema.

Kulikuwa na ya kupigana, ile ya Kichina ambayo jamaa mmoja ameweka sauti yake juu, anaeleza kila ngumi kwa Kiswahili na kuongeza utani wake. Opareta, mtu ambaye angekukaripia ukikohoa kwenye filamu, aliipenda hiyo kuliko zote. Nilimshangaa. "Si huyu anapiga kelele mwanzo mpaka mwisho?" Akasema, "Huyu anafanya kazi niliyoitaka. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, nikiongea peke yangu."

Alikuwa mtu wa namna hiyo, wa kugeuka. Alisema hapendi filamu za mapenzi, lakini kwenye kuta za chumba chake hakukuwa na picha yoyote isipokuwa karatasi moja ya zamani ya tangazo, mwanamke na mwanamume wakitazamana chini ya mwavuli. Alidai adabu kwa wengine na yeye mwenyewe aliongea wakati filamu ikianza, kila mara, kwa sababu kwenye mianzo alikuwa bingwa. "Tazama mlango," angesema. "Tazama kile kikombe. Mtu haweki kikombe kwenye filamu bure. Kitarudi." Na kweli kikombe kilirudi. Yeye hakukiona kikirudi, alikuwa amelala. Tulimwambia kesho yake, akatikisa kichwa kama mtu aliyepokea barua aliyoitarajia.

Pia alikuwa na mkono mzuri wa maandishi. Kule sinema ndiye aliyekuwa akiandika ubao wa nje, jina la filamu ya wiki, kwa brashi na rangi. Kwa hiyo mtaani aliandikia watu vibao vya maduka, na wakati wa kufungua shule aliandika majina kwenye masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Sanduku langu la bweni yeye ndiye aliyeliandika, mama akiwa hai. Nilipoacha shule nikampa Wekesa sanduku hilo, nikampelekea Opareta afute jina langu aandike la Wekesa. Aliniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia nina hakika. Akapaka. Miaka ikapita, Wekesa akamaliza, nikampelekea tena, akapaka juu ya Wekesa na kuandika Nafula. Mara zote mbili nilimwona akichanganya rangi na petroli nyingi mpaka ikawa kama maji ya mchele. Nilidhani anabana matumizi.

Sasa nirudi kwenye ile Jumapili.

Nafula aliingia akiwa na furaha hata kabla hajavua viatu. "Dada, nimekuletea filamu. Hii filamu ni wewe kabisa. Sisi wote darasani tulilia, na mimi nikawaambia, huyo ni dadangu."

"Kama kuna viazi ndani basi ni yeye," Wekesa akasema.

"Wewe nyamaza. Kaa chini uone mtu aliyekulea."

Tukaketi. Ilikuwa filamu ya nchi ya mbali, mji wa vilima na baridi kama ya asubuhi kule Dundori ninakonunua viazi. Watoto wanne wanafiwa na wazazi. Mkubwa ni msichana. Mwanzoni kabisa, kabla hata jina la filamu halijaandikwa, anaonekana akisukuma sanduku la vitabu chini ya kitanda kwa mguu, kisha anafunga aproni na kwenda kuoka mikate. Opareta akasema, kama kawaida, "Tazama hilo sanduku. Litarudi."

Wadogo wanakua. Mmoja anakuwa daktari, mmoja rubani, wa mwisho anaolewa mjini. Mkubwa anaoka. Nywele zinaanza kuwa na mvi, anaoka. Kidevu cha Opareta kikashuka. Mwishoni wadogo wote wanarudi kwa siku yake ya kuzaliwa, wanamletea gauni jipya na kiti kikubwa cha kuegemea, wanamzunguka, wanaimba. Anatabasamu. Filamu inaisha kwenye hilo tabasamu.

Mama Chebet alikuwa akilia. Kamau kinyozi alikuwa akiangalia ukuta kwa bidii. Wekesa, ambaye hakumbatii mtu, aliniwekea mkono begani na kuuacha hapo. Na Nafula akanitazama, macho yamejaa, akisubiri. Alikuwa amenipa kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Mimi nilikuwa na hasira mpaka masikio yalikuwa yakivuma.

Niliwatazama. Niliogopa kwamba ikiwa nitafungua mdomo watasikia ninasema ninajuta kuwalea, jambo ambalo si kweli na halijawahi kuwa kweli hata siku moja ya njaa. Nikashukuru Mungu kwa sheria ya Opareta. Aliamka, akapangusa mdomo, akasema, "Msiniambie leo." Nikaenda kupika chai.

Lakini Nafula hakuweza kungoja. Alinifuata jikoni. "Dada, si ni nzuri?"

"Ni nzuri," nikasema.

Asubuhi nilienda kwa Opareta kabla ya mtu mwingine. Alikuwa ameketi mlangoni akipaka viatu rangi.

"Imeishaje?"

Na nikasikia mdomo wangu ukisema: "Wadogo walipokuja na zawadi hawakumkuta. Aliacha mikate mezani, imefunikwa. Alikuwa amevuta lile sanduku, akapanda basi, akaenda shule. Mtu mzima, anakaa na watoto darasani. Imeishia hapo, anachonga penseli."

Opareta aliacha brashi. "Na maoni?"

"Ya leo sina."

"Basi unadaiwa."

Kosa langu lilikuwa la haraka. Nilidhani nikiwa wa kwanza nimemaliza, nikasahau kwamba atawauliza wote. Aliwauliza. Nafula alimpigia simu kutoka chuoni, Wekesa alipita na pikipiki, Mama Chebet akapita, Kamau alimwambia akimnyoa. Wanne walisema gauni, kiti, wimbo, tabasamu. Nilijua hilo kufikia jioni, nikasubiri aniite aniaibishe. Hakuniita.

Alichofanya ni kuanza kuieleza filamu hiyo mtaani kote, na mwisho alioueleza ulikuwa wangu. Kwa mama wa mboga. Kwa kwaya. Wiki ya pili nikipita mbele ya kinyozi nikasikia kelele.

"Mzee, mimi nilikuwa hapo!" Kamau alikuwa akisema, mashine ya kunyoa inanguruma hewani. "Nilikuwa macho! Wewe ulikuwa unakoroma! Walimletea kiti!"

"Alienda shule," Opareta akasema, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Shule gani? Kiti, mzee! Kiti cha kuegemea, cha rangi ya maziwa!"

"Kijana, mimi nimeuliza watu miisho kabla hujazaliwa. Huo ndio niliopewa."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mmoja akasema mzee ameanza kupoteza mtandao. Opareta akainamisha kichwa ili amaliziwe. Mimi nilisimama nje na gunia langu la viazi, na sikuingia. Ningesema neno moja tu. Sikulisema. Nililinda chakula na karo ya watu wawili miaka yote hiyo bila kutetereka, lakini siku hiyo nilimwacha mzee achekwe kwa ajili yangu, nikaenda kuuza.

Mwezi uliofuata binti yake alikuja kumchukua. Macho yalikuwa yamefikia pabaya, hakuweza tena kujipikia. Alimpeleka kwake Gilgil. Tulipobeba vitu vyake aliniambia jambo moja tu, "Unakumbuka kile unachodaiwa," na mimi nikasema ninakumbuka.

Nilikaa miezi bila kwenda. Nilikuwa na sababu, muuza viazi hakosi sababu. Wiki hii nilienda.

Binti yake anakaa nyuma ya maduka ya barabarani, malori yanasikika usiku na mchana. Nilimkuta Opareta kitandani ameegemea mto, amekonda, mtoto wa jicho yuko pande zote mbili, weupe kama ukungu. Anasubiri kupasuliwa. Televisheni ilikuwa imewashwa na yeye ameielekezea sikio.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mzee. Wa viazi."

"Umechelewa." Akatabasamu. "Keti. Unajua kitu cha ajabu? Tangu macho yafunge, usingizi umekataa. Sasa ninafika mwisho. Filamu zote. Ninasikiliza mpaka majina yakipita."

"Na ni vipi, miisho?"

"Kelele nyingi." Akakohoa. "Ile yako nilimwambia binti yangu aitafute. Niliisikiliza yote. Waliimba."

Nilipunguza sauti ya televisheni.

"Waliimba sana," akasema. "Wimbo mrefu. Mimi nilikuwa ninasubiri sanduku. Sanduku likivutwa sakafuni lina sauti yake, huwezi kuikosa. Nikamwambia binti yangu, rudisha nyuma. Akarudisha. Hakuna. Nikamwambia tena. Hakuna."

"Mzee, nilikudanganya. Na pale kwa kinyozi walikucheka na mimi nilikuwa nje, nilisikia. Naomba unisamehe."

"Nilijua uko nje. Gunia lako lina harufu ya Dundori." Alinyoosha mkono, nikamshika. "Sikiza. Mimi ni mtu wa mianzo. Niliona sanduku likisukumwa chini ya kitanda. Watu wanne wazuri wakaja wakaniambia filamu imeisha, na hakuna hata mmoja aliyeuliza sanduku lilienda wapi. Wewe peke yako ulikuja nalo. Sasa nikieleza watu, nieleze mwisho wa nani? Nilikuwa ninaujaribu, nione kama unasimama."

"Ulisimama?"

"Mbele ya Kamau, hapana." Tukacheka wote wawili, yeye mpaka machozi yakamtoka kwenye macho yale. Binti yake akaleta chai, akaenda.

"Lakini huo ni mwisho," akasema baadaye. "Maoni bado."

Nilivuta pumzi. Nilikuwa nimeyabeba miezi yote hiyo, yamelala usiku mwingi kuliko maoni yoyote niliyowahi kuwa nayo. Nikamwambia, "Mzee, maoni yangu ni kwamba—"

Akainua mkono. "Si kwangu. Mimi nimeshajua. Siku ile mlikuwa wangapi?"

"Sita."

"Nitoe mimi. Kamau na Mama Chebet, kama utapenda. Wale wawili ndio wanaokudai. Yule mtoto alikuletea filamu, ukampa salamu."

"Wataumia."

"Labda. Wewe uliniambia nini kuhusu yule wa angani? Nimesahau."

Hakuwa amesahau. Nilimaliza chai, nikamwekea viazi chini ya meza, nikamuaga. Nikiwa mlangoni alikuwa ameshageuza sikio kwenye televisheni.

Nilimpigia Nafula nikiwa kando ya barabara, malori yakipita.

"Jumapili mje, wewe na Wekesa. Na ile flash uje nayo."

"Dada, unataka kuiona tena? Si ulisema ni nzuri?"

"Nilisema."

Naye amekulia chini ya sheria ile. "Hiyo ilikuwa salamu?"

"Mje tu."

Leo ni Ijumaa. Kamau ameniambia atakuja, na atakaa karibu na skrini ili mtu asimwambie alilala. Mchana nilivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda changu, ambako liko tangu Nafula aende chuo. Nilitoa blanketi zilizokuwa ndani, nikalipangusa kwa kitambaa chenye maji. Jina la Nafula limechubuka. La Wekesa linaonekana kama kivuli. Na chini yao, kwa mkono ule ule wa ubao wa sinema, jina langu linasomeka herufi zote, kwa sababu rangi aliyolifunika nayo haikuwahi kuwa rangi.

Nimeliweka katikati ya sebule, pale watakapolazimika kulizunguka ili waketi. Maneno ninayo. Sijayasema bado, na mpaka Jumapili nadaiwa.